Saa 5:59 Usiku

Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka 2024 niliketi sebuleni nikisubiri kazi za wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Mwisho wa kuzikusanya ulikuwa siku hiyo, saa 5:59 usiku, kwenye mfumo wa chuo. Muda huo niliupanga mwenyewe, kama ninavyoupanga kila muhula, kwa sababu ndio unaojitokeza wenyewe mtu anapofungua ukurasa wa kuandaa zoezi, nami sikuwahi kuona haja ya kuubadilisha. Lakini tangu asubuhi ile kurasa zilikuwa zikifunguka kwa kusuasua, na nyingine hazikufunguka kabisa. Baadaye tukaelezwa kwamba mikongo miwili ya baharini inayotuunganisha na dunia, SEACOM na EASSy, ilikuwa imepata hitilafu katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Saa 10 jioni nilimwandikia kiongozi wa darasa ujumbe mfupi wa kawaida wa simu: “Kazi zikusanywe Jumapili ijayo. Waambie wenzako.” Maneno sita. Sikuomba kibali cha mtu. Sikumtaka mwanafunzi yeyote aniletee barua ya kuthibitisha kwamba mtandao ulikuwa unasumbua, maana na mimi ulinisumbua. Nililala nikijiona mwalimu mwenye huruma.

Usingizi ulikatika alfajiri. Aliyenijia akilini ni binti mmoja niliyemfundisha mwaka 2021.

Simtaji jina, na chuo sikitaji. Alikuwa mwanafunzi wa kawaida, si wa mbele wala wa nyuma, mwenye kuandika kwa mwandiko mdogo uliobanana kama mtu anayeogopa kumaliza karatasi. Katikati ya muhula wa pili alifiwa na baba yake, akasafiri kwenda kuzika kwao, kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa. Anayeufahamu mwambao ule anajua kwamba milima ya Livingstone inashuka hadi karibu na maji, vijiji vimekaa katika vipande vya ardhi vilivyobanwa kati ya mlima na ziwa, na mawimbi ya simu hupita pale yanapopata upenyo. Kazi yangu ilitakiwa akiwa huko msibani. Haikufika. Mfumo ukafunga mlango saa 5:59 usiku, ukaandika sifuri, nami nikaiacha sifuri ile ikae.

Alirudi baada ya siku tisa na kuja ofisini na barua ya Mtendaji wa Kijiji yenye muhuri wa bluu. Alinieleza kwamba aliiandika kazi kwa mkono, akaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na jioni ya siku ya mwisho akapanda kilimani pamoja na mdogo wake mahali ambapo watu wa kijiji huenda kutafuta mtandao. Faili lilikuwa zito. Lilipanda, likakata, likapanda tena, kifurushi kikaisha. Duka la vocha lilikuwa chini kijijini na lilikwisha kufungwa. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamwambia maneno ambayo nayaandika hapa kwa aibu: “Binti, Ludewa si mwezini. Wenzako 86 wamekusanya.” Alisema, “Sawa, Dokta,” akaichukua barua yake mezani na kuondoka.

Chuoni kwetu mwanafunzi asiyefikisha alama 16 kati ya 40 za kazi za muhula haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Sifuri ile ilimwacha na 13. Mwaka uliofuata, akiwa mwaka wa tatu, alirudia somo langu akikaa na wadogo zake darasani. Niliiona sura yake katika safu ya nne kila Jumanne na sikuhisi chochote cha pekee. Kanuni ilikuwa imefuatwa.

Ndugu msomaji, nieleze nilikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu sikuwa mkatili, na jambo hili lingekuwa rahisi zaidi kulieleza kama ningekuwa mkatili.

Mimi ni wa kizazi kilichoukuta mtandao kikiwa kimekwisha kuwa kitu kizima. Mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi, nilikuwa natembea hadi kwenye intaneti kafe moja maeneo ya Posta, Dar es Salaam, nalipia nusu saa, na robo ya muda huo inaisha kabla barua pepe ya kwanza haijafunguka. Mawasiliano yetu na nje yalipitia kwenye setilaiti, na gharama yake ilikuwa ya setilaiti kweli. Ukipata makala ya kitaaluma unaihifadhi kwenye disketi kama mtu aliyeokota lulu. Ukifika bwenini disketi inagoma, lulu imepotea. Kisha Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukawashwa, mwaka uliofuata ukaja EASSy, na ndani ya nchi ukatandazwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwenda mikoani. Nilipokuwa naandika tasnifu yangu ya uzamivu niliweza kusoma, nikiwa chumbani usiku, vitabu ambavyo maprofesa wangu waliwahi kuvifuata Ulaya kwa meli. Mtu aliyeonja mabadiliko ya namna hiyo hugeuka muumini. Nilikuwa muumini, na muumini huona aibu kidogo anapokutana na mtu ambaye muujiza haujamfikia. Humwona kama anachelewesha ibada.

Pia nilikuwa na takwimu. Kila robo mwaka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hutoa taarifa, nami kila robo mwaka niliibandika katika mihadhara yangu: watumiaji wa intaneti takriban milioni 23 mwishoni mwa 2017, zaidi ya milioni 35 mwishoni mwa 2023. Mstari unapanda kama mlima Meru unavyoonekana kutoka Arusha mjini. Wanafunzi hunakili. Maofisa wanaokuja kusoma shahada ya uzamili jioni hunakili pia, na kesho yake mstari huohuo hutokea katika andiko la mradi wa ofisi fulani, chini ya sentensi isemayo kwamba wananchi sasa wako mtandaoni, hivyo huduma ihamie huko.

Lakini kinachohesabiwa pale ni nini? Taarifa zenyewe hazifichi: zinahesabu laini na akaunti zilizotumia huduma. Hazihesabu vichwa. Mwishoni mwa 2023 nchi ilikuwa na laini za simu zaidi ya milioni 70, ilhali Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, tukiwamo na watoto wachanga. Hakuna kosa la hesabu hapo. Ni kwamba mtu mmoja ana laini mbili, tatu, moja ya kupigia, moja ya bando la usiku, moja ya kupokelea fedha. Mimi peke yangu ni watumiaji watatu: laini mbili za simu na moja iliyomo katika kifaa cha intaneti ninachosafiri nacho. Mama yangu, aliyeko Mpwapwa, ana kitochi anachokichaji kwa jirani. Anapokea fedha kwa kubonyeza nyota na alama ya reli, anatoa kwa wakala, anarudisha salamu. Hana intaneti. Katika nyumba yetu, basi, watu wawili tumetoa watumiaji watatu, na anayesoma wastani anaweza kuhitimisha kwamba mama yangu ana mtandao na nusu.

Natania, lakini ndivyo tulivyofikiri mimi na wenzangu. Tulichukua hesabu ya laini tukaisoma kama hesabu ya watu. Kisha tukachukua mtu mwenye laini tukamsoma kama mtu mwenye bando, mwenye chaji, mwenye simu yenye nafasi ya kuhifadhi faili, na mwenye mtandao mahali alipo katika saa tuliyoipanga sisi. Kila ngazi katika hizo huwaacha watu nyuma. Wasomaji wangu wanakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, kilio kilivyotanda hadi serikali ikasitisha utekelezaji wake. Kilio kile kilitoka kwa watu wenye laini, tena wengi wao wa mjini. Binti wangu wa Ludewa alikuwa katika muhula huohuo. Sikuunganisha mambo hayo mawili, ingawa nilikuwa nayajadili darasani kwa ufasaha mkubwa.

Nilianza kuyaunganisha mwaka 2023, tena kwa bahati, kupitia kwa mpwa wangu.

Alikuwa amemaliza kidato cha sita na anaomba mkopo wa elimu ya juu. Maombi hayo siku hizi hufanywa mtandaoni. Alinipigia akisema amekwama: anatakiwa kurekebisha kitu kwenye fomu na hawezi kuingia kwenye akaunti yake. Nikamwuliza nywila. Hana. Nikamwuliza barua pepe aliyojisajilia. Haijui. “Anayo kaka wa steshenari, mjomba.” Nikamwambia twende kwa huyo kaka.

Steshenari ile iko karibu na stendi, Dodoma, chumba kimoja chenye mashine ya kutolea nakala, kompyuta mbili na benchi la kusubiria. Kijana mwenyewe alikuwa mpole na mchapakazi. Alivuta kutoka chini ya meza kauntabuku nene yenye jalada gumu, akalamba kidole, akapekua. Pale palikuwa na safu zilizochorwa kwa rula: jina, namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya kitambulisho cha Taifa, simu, barua pepe, nywila. Kurasa kwa kurasa. Waombaji mikopo, waombaji vyuo, waombaji ajira serikalini, watu wa leseni za biashara, watu wa namba ya mlipakodi, mwalimu mmoja mstaafu. Barua pepe zote alizifungua yeye. Nywila zilifanana karibu zote: jina la kwanza la mtu na tarakimu tatu.

Nilimwuliza, kwa sauti niliyodhani haina hukumu, kwa nini anaweka siri za watu kwenye daftari. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. “Nikiwaachia wenyewe wanasahau, Dokta. Wakisahau wanarudi kwangu wanalia. Wizarani nani atawasikiliza?” Kisha akamrekebishia mpwa wangu fomu kwa dakika nne, akatoza shilingi 2,000.

Nimeifikiria kauntabuku ile mara nyingi kuliko vitabu kadhaa nilivyovisoma mwaka huo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tuna Tume ya kuisimamia. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Ni sheria zenye kufikiriwa, na wanaozisimamia ni watu makini. Lakini mwananchi halisi, katika safari yake halisi ya kuifikia serikali hiyo ya mtandaoni, anapita chini ya meza ya steshenari, na siri zake zinabaki pale hata kijana akihamia Kahama au mwenye nyumba akipandisha kodi. Zamani fomu ilijazwa mbele ya karani wa ofisi, aliyelipwa mshahara, aliyeweza kulaumiwa na kuandikiwa barua ya onyo. Dirisha la karani limefungwa. Kazi yake haikutoweka. Imehamia mtaani, analipiwa na mwombaji, na karani mpya hatambuliki na yeyote. Ofisi inaandika katika taarifa yake kwamba gharama zimepungua. Zimepungua kwake.

Sitaki kueleweka vibaya. Aliyewahi kulala stendi ya Ubungo ya zamani ili awahi kupeleka fomu Dar es Salaam kutoka Sumbawanga hatataka turudi kule. Namba ya malipo ya serikali imeziba mianya ambayo stakabadhi za mkono ziliiacha wazi miaka nenda rudi. Kijana wa Namtumbo anaomba kazi leo bila kumjua mtu wizarani, na hilo ni jambo kubwa katika nchi yoyote. Ninachokipinga ni kitu chembamba zaidi, na wanaharakati wenzangu wananisamehe kama nacho kitaonekana kidogo: kwamba pale mtandao unapokatika, hasara huanguka kwa yule aliye chini kabisa, na tumeipa hasara hiyo jina la uzembe.

Wanaharakati, kwa kawaida, huniuliza kuhusu mambo mengine. Huniuliza kuhusu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizowataka wenye blogu kulipa zaidi ya shilingi milioni 2 ili waandike. Kuhusu Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, Twitter na WhatsApp zilipoacha kufunguka kwa wengi wetu. Kuhusu agizo la Oktoba 2023 la kutaka wanaotumia VPN wajieleze. Ni maswali ya haki na nimeyaandikia. Lakini siku moja katika semina mwanafunzi wangu mmoja, afisa wa halmashauri, alisema jambo lililonikaa: kwamba serikali, na waajiri, na vyuo, hutuhitaji mtandaoni tunapolipa na tunapoomba, na hupata wasiwasi tunapozungumza. Nilipomsikia nilitikisa kichwa kukubali. Sasa nikimkumbuka naona kwamba neno “vyuo” alilitamka akinitazama mimi.

Narudi kwenye alfajiri ile ya tarehe 13 Mei. Nilipofika ofisini, mtandao ukiwa bado wa kuungaunga, nilimwendea fundi wetu wa mifumo na kumwuliza kama kumbukumbu za mwaka 2021 bado zipo. Alisema zipo, mfumo huandika kila kitu, ila hakuna anayeuliza. Nikampa namba ya usajili ya yule binti na jina la zoezi. Hakuchukua muda. Alinizungushia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe.

Saa 1:48 usiku akaunti yake ilifungua ukurasa wa kukusanyia kazi. Saa 2:05 ikaufungua tena. Saa 2:31. Saa 3:10. Mara nne. Baada ya mara ya nne hakuna kitu. Wakati ule wenzake 86 walikuwa mabwenini na hosteli, na kulingana na mistari ileile wengi walikusanya kati ya saa 5 na saa 5:59 usiku. Mtu wa kwanza darasani kufungua ukurasa ule jioni hiyo alikuwa yeye.

Ushahidi ulikuwapo tangu siku ile alipokuja na barua. Ulikuwa ndani ya chombo kilekile nilichokiamini kuliko neno lake na kuliko muhuri wa Mtendaji wa Kijiji. Ningepiga simu moja ghorofa ya chini ningeupata. Sikupiga, kwa sababu mfumo ulikuwa umeshaniambia sifuri, na sikufikiri kwamba sifuri inaweza kuwa na historia. Nilimwambia fundi ahsante. Alikuwa anataka kujua kuna nini, nikamwambia ni utafiti.

Nimesoma vya kutosha kuhusu utawala kujua kwamba kanuni lazima ziwepo. Darasa la watu 87 haliwezi kuendeshwa kwa huruma. Mwenye huruma hudanganywa mara tatu kisha huwa mkali kuliko wote. Jambo linalonitesa ni jingine. Tarehe 12 Mei, mtandao ulipokatika kwa wote, mimi nikiwemo, nilisogeza tarehe kwa maneno sita na dunia haikuanguka. Mwaka 2021, mtandao ulipokatika kwa mmoja, nilitaka vithibitisho, kisha nikavikataa vilipoletwa. Hitilafu ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba safari hii iliingia sebuleni kwangu. Najiuliza ni tarehe ngapi za mwisho, katika ofisi ngapi za nchi hii, zimewahi kusogezwa kwa sababu mnara wa kata moja ulizimika. Mkongo ukikatika baharini, waziri hutoa taarifa. Mnara ukikosa umeme siku tatu katika kata fulani, wanaoomba ajira kutoka kata hiyo huonekana hawakuwa na nia.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, na najua mpo kwa sababu huniandikia usiku kwa anwani zisizo za ofisi, nina ombi moja. Mifumo mnayoisimamia huandika pia, kama wa kwetu. Humo ndani kuna idadi ya watu walioanza kujaza fomu na hawakumaliza, pamoja na ukurasa waliokwamia na saa waliyokwamia. Katika taarifa zenu za utekelezaji nimeona mara nyingi idadi ya waliofanikiwa. Hii nyingine sikumbuki kuiona. Itoeni. Ikiwa inaonyesha kwamba watu wa wilaya fulani hukwama kwenye ukurasa wa kupakia picha, basi punguzeni ukubwa wa picha, au acheni dirisha moja wazi katika ofisi ya halmashauri lenye karani anayepokea karatasi na kuiingiza yeye. Huyo karani mnamlipa tayari. Na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaojenga minara pale ambapo biashara peke yake isingeijenga, ungejua kutoka kwenu mahali pa kuanzia kesho.

Upande wangu nimefanya mambo madogo, mengine ya kuchekesha. Nje ya mlango wa ofisi nimetundika sanduku la mbao lenye kufuli, alilonitengenezea fundi seremala wa Changanyikeni, na mwanafunzi anayetaka hutumbukiza kazi yake ya karatasi. Mwenzangu mmoja hulipita kila asubuhi na kuniuliza kama napiga kura za maoni. Mwisho wa kukusanya sasa ni saa 10 alasiri, saa ambayo maduka ya vocha yako wazi. Kwa aliyekwama, natazama kumbukumbu kabla sijamtazama usoni. Sifuri ya 2021 haifutiki. Matokeo yale yalishapita kwenye vikao vyote vya chuo, na nilipouliza niliambiwa kwa upole kwamba mhusika alishahitimu na hakuna malalamiko mezani. Ni kweli hakuna. Aliyekuwa na malalamiko nilimrudishia barua yake mkononi.

Namba yake niliipata kwa aliyekuwa kiongozi wa darasa lao. Nilipiga mara mbili haikupatikana. Mara ya tatu, jioni, ikaita.

“Shikamoo, Dokta.”

Nilishangaa kwamba namba yangu bado anayo. Nikamwitikia, nikamwuliza habari za nyumbani, za mama, kisha nikamweleza yote: mkongo, kumbukumbu, saa 1:48, mara nne. Nilimwambia kwamba nilikosea na kwamba naomba radhi. Kulikuwa na kimya kirefu hivi kwamba nilidhani mtandao umekata.

“Zilikuwa mara tano,” alisema. “Ya tano haikufunguka kabisa, labda ndiyo maana haikuandikwa.” Halafu akasema, bila uchungu nilioweza kuusikia, kwamba mwaka ule aliorudia somo ndio aliolazimika kuacha kazi ya jioni aliyokuwa akiifanya kumsomeshea mdogo wake, yule aliyempeleka kilimani, kwa sababu ratiba ziligongana. Mdogo wake aliishia kidato cha pili. Sasa anavua.

Sikuwa na la kusema, na sikusema. Yeye ndiye aliyeniokoa kwa kubadilisha mazungumzo: yuko Njombe, anafundisha kwa kujitolea katika shule moja ya kata, anaomba ajira kila tangazo linapotoka. Akaniuliza kama ningeweza kumwandikia barua ya udhamini. Nikasema hata leo usiku. Anipe anwani yake ya barua pepe.

“Uitume kwa basi, Dokta, kwenye bahasha,” alisema. “Ile barua pepe yangu aliifungua kaka mmoja wa steshenari, na amehama.”